Momella, Mahali Palipopigwa Sinema ya "Hatari!"

Leo twende Momella. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, utafika Usa River. Mbele kidogo kuna njia panda. Hapo pinda kushoto. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, utakuwa upande wako wa kushoto. Utapita Ngurdoto, halafu utayaona maziwa madogo ya Momella. Maji yake yana magadi, hayanyweki. Lakini ndege wa rangi ya waridi, waitwao heroe, huyapenda sana.

Mwishoni mwa mwaka 1960 walifika huku wageni wenye magari na kamera. Walitoka Marekani, Ujerumani, Ufaransa na Italia. Mkubwa wao alikuwa Howard Hawks, mtengenezaji wa sinema. Mwigizaji mkuu alikuwa John Wayne, Mmarekani aliyejulikana dunia nzima. Sinema yao ilitoka mwaka 1962. Waliipa jina la Kiswahili: "Hatari!"

Labda unajiuliza, sinema hutengenezwaje? Kamera hupiga picha nyingi upesi upesi, 24 kwa kila sekunde. Picha hizo zikionyeshwa kwa mwendo uleule, macho yetu huona mtu anatembea au gari linakwenda.

Sinema hii inasimulia habari za watu wanaokamata wanyama wa porini ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Kazi hiyo ilikuwepo kweli Tanganyika wakati ule. John Wayne anaketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, nje kabisa. Mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Gari linamkimbiza faru, na faru naye anageuka kulipiga gari kwa pembe. Wanyama wale walikuwa wa porini, na waigizaji wenyewe ndio waliokuwa ndani ya magari. Siku moja faru aliponyoka. Ikabidi wamkamate upya, na kamera haikuzimwa. Jambo hilo limo ndani ya sinema. Mimi naona jina la sinema lilistahili.

Faru walikuwepo pia katika misitu ya Momella. Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua faru wengi mno nchini kwa ajili ya pembe. Leo Momella ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukienda utaona twiga, nyati na mbega. Faru hutamwona, ila kwenye sinema.

Na watu je? Waafrika wamo katika "Hatari!". Wamepanda magari, wanavuta kamba, wanafunga wanyama. Maneno yao ni machache. Wakubwa wote wa hadithi ni wageni.

Hadithi nyingine ya mahali hapa haimo kabisa. Jirani na Momella kuna Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zao zilichomwa moto. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kwenda kueleza shida yao. Hayo yalitokea miaka minane tu kabla kamera hazijafika. Mtu wa Ujerumani aliyeitazama sinema aliwajua tembo wa Tanganyika. Habari za Wameru hakuzipata.

Mwigizaji mmoja, Hardy Krüger wa Ujerumani, aliipenda Momella, akanunua shamba na kuishi hapo zaidi ya miaka 10. Alifariki mwaka 2022. Nyumba yake sasa ni hoteli ya wageni, nayo inaitwa Hatari.

Ukiipita hoteli hiyo na kuendelea na njia, utafika Ngare Nanyuki yenyewe. Wameru walirudi. Utawakuta mashambani, wanamwagilia nyanya kwa maji ya mifereji.