Maumivu Yasiyo na Kidonda

Hapa Bambu, penye machimbo ya dhahabu ya Kilo, mama yangu mdogo alipona mkanda wa jeshi. Lakini huu ni mwezi wa 7, na ubavu wake ungali unawaka moto; hata kitenge kikimgusa hulia. Wengine husema ni uchawi, wengine uvivu. Sivyo! Kijidudu cha tetekuwanga hulala miaka mingi katika mishipa ya fahamu. Mwili ukidhoofika huamka na kuiharibu; nayo huzidi kupeleka habari ya maumivu, ijapokuwa ngozi imekwisha kupona. Mganga wa hospitali aweza kuyapunguza kwa amitriptilini. Basi tusiulize, "Kidonda ki wapi?" Tumchotee maji, tumsadiki. Kumsadiki mgonjwa nako ni tendo la huruma.