Mwenzako Ana Mkopo Asilimia Ngapi?

Oktoba 2009 kijana mmoja wa Nkwenda alipanda MV Victoria pale Bukoba akiwa na begi, godoro lililokunjwa na mkungu wa ndizi. Nkwenda ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe. Meli ilitembea usiku kucha, asubuhi ikafunga gati Mwanza, naye akaulizia daladala za Nyegezi. Alikuwa amepata nafasi Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Pa kulala hakuwa napo.

Kijana huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Siku zile hakujua kwamba mtu wa kuishi naye huchaguliwa. Alikuwa ameagizwa jambo moja tu. "Mwanangu, tafuta watoto wa kwetu," mama yake alimwambia huku akimfungia maharage kwenye mfuko. "Mtu wa kwetu hawezi kukuacha ulale njaa."

Akawatafuta, na haikuwa kazi. Mkungu begani katika mitaa ya Malimbe ulitosha kumtambulisha. Kabla jua halijazama alikuwa amekaribishwa kwa Kinyambo na vijana wawili, mmoja wa Kayanga na mwingine wa Kaisho. Wakapanga chumba kimoja. Walichoulizana ni kijiji na ukoo, basi.

Ilikuwa raha, na ni haki kusema hivyo. Ndizi zilimenywa pamoja, zikapikwa na maharage kwenye jiko la mchina, na msimu wa senene ulipofika kopo la mmoja lilikuwa la wote. Mwandishi alipougua malaria, wale wawili walipokezana zamu kumkesha. Mama alikuwa amesema kweli.

Alichokuwa hajasema mama ni habari ya kodi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lilikuja kwa awamu za siku 60, kwa hesabu ya shilingi 5,000 kwa siku. Na kati ya watatu wale, mwenye bumu alikuwa mmoja tu. Wa Kayanga alisomeshwa na mjomba. Wa Kaisho alisomeshwa na kahawa.

Anayesomeshwa na kahawa ana kalenda yake. Kahawa ya Karagwe huanza kuvunwa katikati ya mwaka. Siku zile mkulima alipoifikisha chama cha msingi alipata malipo ya kwanza, kisha akasubiri ya pili. Kodi ya Malimbe ilidaiwa Aprili, kahawa ikiwa ingali mbichi mtini. Ndipo baba wa yule kijana alipouza kwa butura. Mnunuzi anakuja shambani, anaikadiria kahawa ikiwa juu ya mti, anatoa bei ya kutupa, na msimu ukifika mzigo ni wake. Serikali imeipiga butura marufuku, lakini mzazi mwenye mtoto anayekaribia kufukuzwa kwenye nyumba hana muda wa kungoja msimu.

Mzee wa watu akapoteza sehemu ya mavuno yake kwa sababu vijana watatu hawakukaa chini siku ya kwanza wakaulizana: kodi ya pili tutaitoa wapi? Jambo hilo linamuuma mwandishi mpaka leo. Kama wangeulizana, mwenye bumu angeanza kuweka akiba Novemba, mjomba angearifiwa mapema, na kahawa isingeuzwa kabla haijaiva.

Mwaka wa pili waliachana bila ugomvi. Safari hii mwandishi alikaa kwenye benchi la mama lishe na vijana asiowajua, mmoja Msukuma wa Magu, mwingine wa Ujiji.

"Kaka, mimi naamka alfajiri kuswali, na taa nitawasha," alisema wa Ujiji. "Haitakukera?"

"Haitanikera. Ila nikisoma usiku sitaki redio."

"Redio saa nne naizima. Haya, hela ya kodi?"

Wakaandika kwenye daftari. Kodi ya miezi sita ni mabumu matatu, hivyo kila bumu likitoka, theluthi ya fungu la mtu iwekwe pembeni kabla hajanunua hata soksi. Msukuma, ambaye kwao walitegemea pamba, alisema wazi kwamba kabla ya Julai hana kitu. Wenzake wakakubali kumbeba, naye akawalipa. Kula kulikuwa na mvutano kidogo, maana Msukuma bila ugali anaona hajala. Ndizi zikawa za Jumapili.

Mwaka 2012 walimaliza. Mwaka huohuo Karagwe ilikuwa imegawanywa na Kyerwa kupatikana, kwa hiyo mwandishi aliondoka nyumbani akiwa mtu wa Karagwe, akarudi na shahada akiwa mtu wa Kyerwa, na migomba ya mama iko palepale.

Mdogo wake wa kike alipopata nafasi chuo hichohicho mwaka 2023, hakubeba mkungu wa kumtambulisha. Fedha ya kujikimu ilikuwa imefika shilingi 10,000 kwa siku, na wenzake aliwapata kwenye kundi la WhatsApp kabla hajafunga begi. Aliwauliza mambo ambayo kaka yake angeona aibu kuyatamka: Una mkopo asilimia ngapi? Unalala saa ngapi? Mchumba akija, analala? Aliyejibu swali la kwanza kwa kuzungukazunguka hakumchukua.

"Kwani wa kwetu hawapo?" mama aliuliza.

"Yupo mmoja, mama, wa Murongo. Nimemchukua kwa sababu alinitajia mpaka tarehe ambayo kwao huuza kahawa. Mwingine ni wa Songea."

Mwaka 2025 binti huyo alirudi chuoni kuanza mwaka wa tatu. Pale Busisi, ambapo abiria wa Kagera walizoea kupanga foleni ya kivuko, basi lake lilipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni mwaka huo. Mama alikuwa amefunga maharage mifuko mitatu. Kodi ya miezi sita walishailipa.