Kinu na Mchi Kifuani

Niliondoka Mkoani, kisiwani Pemba, na boti ya asubuhi, mkononi nina kikapu cha mikate ya mofa na pweza wa kukaanga, na shingoni, chini ya buibui, nimevaa stethoskopu mpya ambayo nyumba nzima iliichangia kwa fedha za karafuu. Hapakuwa na haja ya kuivaa safarini. Niliogopa tu kuiacha kwenye begi. Babu, ambaye amevua samaki tangu hajabaleghe, alinipa wosia mmoja pale gatini: "Ukifika bara, mkoba wako uweke mbele." Mdogo wangu wa miaka tisa hakusema kitu. Koo lilikuwa likimuuma tena, na Mama alikuwa amemsukutulisha kwa maji ya chumvi na kumfunga kitambaa shingoni, kama tunavyofanya sote kwetu mtoto akipata mafindofindo.

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Masomo yote nimeyasoma Unguja, bara sijapata kuikanyaga. Sasa nimepangiwa wiki nne katika wodi ya moyo ya hospitali moja kubwa Dar es Salaam, nami niliamini kwamba moyo naujua. Nimeuchora mara nyingi: vyumba vinne, milango minne, damu huingia kulia, huenda mapafuni, hurudi kushoto, hutoka kwenda mwilini. Lakini moyo wa mtu aliye hai nilikuwa sijapata kuusikiliza zaidi ya nusu dakika.

Unguja nilibadilisha boti, na alasiri nikaiona Dar kutoka baharini. Kwanza majengo marefu ya vioo, kisha, chini yake, mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu na paa jekundu la Azania Front, vimekaa pwani kama wazee barazani huku wajukuu warefu wamesimama nyuma yao. Pale Kivukoni nikapanda mwendokasi kwenda Magomeni kwa shangazi. Kwetu gari humngoja mtu amalize kuaga. Hapa mlango ulifunguka, watu wakamiminika, mlango ukafungwa, nami nikajikuta ndani sijui nimeingiaje, kikapu cha mofa nimekikumbatia kifuani. "Dada, sogea ndani," aliniambia kijana mmoja kwa upole, na nafasi ya kusogea sikuiona.

Asubuhi ya kwanza wodini tulikuwa wanafunzi watano. Mwalimu wetu, daktari bingwa, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitutazama shingoni kila mmoja, kisha akasema, "Hizo tieni mifukoni. Leo ni vidole tu."

Akatupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mito.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmekuja wengi."

Alitunyooshea mkono mwenyewe, kama mtu aliyezoea. Nikaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba chake, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, nikafumba macho. Nilitarajia mdundo wa ngoma. Nilichokipata ni matone yanayodondoka kwenye upenu wa makuti baada ya mvua kukatika: moja, kimya, mawili ya haraka, moja zito, kimya kirefu, jepesi ambalo karibu linikwepe. Nilijaribu kubahatisha tone linalofuata nikashindwa, nikajaribu tena, nikashindwa. Dokta akamwambia mwenzangu aweke stethoskopu kifuani mwa mzee, mimi nibaki na mkono, tuhesabu pamoja dakika nzima. Yeye alipata 104. Mimi nilipata 82.

Nikadhani nimekosea kuhesabu. Dokta akasema hapana, sote wawili tumehesabu sawa. Vyumba vya juu vya moyo wa mzee vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga, na baadhi ya mapigo yalikuja mapema mno, moyo haujajaa damu, kwa hiyo yakawa dhaifu hata hayakufika mkononi. Mapigo 22 yalipotelea njiani kati ya kifua na kiganja, na vidole vyangu vilikuwa vimeyakosa kwa haki. Nilishangaa mno. Nimesoma ugonjwa huo kitabuni, jina lake refu ningeweza kulitaja usingizini, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuushika.

Siku ya pili tulitazama shingo. Asubuhi nzima, shingo tu! Mgonjwa hulazwa nusu ya kukaa, nyuzi 45, uso umegeuzwa kidogo kushoto, nawe unatafuta kivuli kinachochezacheza chini ya ngozi. Ule ni mshipa unaorudisha damu moyoni. Ukiugusa huukuti, ukiondoa kidole unarudi, kama kaa wa ufukweni. Wenzangu waliuona mapema. Mimi niliuona tu nilipokumbuka kijiti cha Babu. Babu huchomeka kijiti mchangani kujua maji yamejaa kiasi gani kabla ya kushusha ngarawa. Shingo ya mgonjwa ndiyo kijiti chenyewe. Moyo ukishindwa kusukuma, damu hurudi nyuma na kupanda, na mahali inapofikia pale shingoni pana kipimo: ukiona kilele cha mshipa kimepita sentimita 3 juu ya pembe ya mfupa wa kifua, damu imezidi. Nikamwambia Dokta kwamba kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani maji yalikuwa ya bamvua. Hakulijua neno hilo. Nilipomweleza kwamba ni maji makuu ya bahari alifurahi, akalitumia wiki zote zilizofuata.

Ndipo siku ya tatu tukaruhusiwa kutoa stethoskopu. Kabla ya hapo alitusimulia habari ya daktari Mfaransa René Laennec, ambaye mwaka 1816 kule Paris aliona haya kulaza sikio lake kifuani pa mgonjwa wa kike, akakunja karatasi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Habari hiyo niliipenda sana. Kwetu haya si jambo dogo, na kumbe chombo hiki kilizaliwa kwa haya. Dokta alitufundisha kuvuta pazia kwanza, kumwambia mgonjwa utakalofanya kabla ya kulifanya, kupasha moto kile kisahani kiganjani, na kukipitisha chini ya kanga bila kumfunua mtu zaidi ya inavyohitajika.

Nikasikiliza. Vitabu huandika sauti za moyo kwa herufi ambazo hazinifai kitu. Nilichosikia ni kinu. Wanawake wawili wakitwanga mpunga katika kinu kimoja hupokezana michi: wa kwanza hushuka kwa kishindo kizito, wa pili hufuata kwa kishindo kikavu, kisha hupita kipumziko kidogo, michi inapopanda, kabla ya kuanza tena. Hivyo hasa. Sauti ya kwanza ni milango miwili ya kuingilia vyumba vya chini inapojifunga, ya pili ni milango miwili ya kutokea. Kati ya ya kwanza na ya pili moyo unasukuma. Katika kipumziko unajaa. Hufanya hivyo zaidi ya mara 100,000 kwa siku, mtu amelala au yuko macho.

"Kazi yenu," Dokta alisema, "ni kusikiliza kimya kilichopo baina ya michi. Ugonjwa hukaa humo."

Wiki ya pili ilikuwa ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Nyaya 10, karatasi yenye visanduku, inayotoka kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, hivi kwamba kisanduku kikubwa ni moja ya tano ya sekunde. Gawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya pigo na pigo, umepata mapigo ya dakika, mradi mdundo uwe sawasawa. Hiyo niliishika haraka. Kuweka nyaya ndiko kulikonipa taabu, kwa sababu kila moja ina mahali pake, na za kifuani huwekwa kwa kuhesabu mbavu kwa kidole, na upana wa ubavu mmoja unatosha kubadilisha mchoro. Mgonjwa wangu wa kwanza karatasi ilitoka na mstari wa kwanza umepinduka juu chini. Nilipata hofu ya kweli, nikafikiri nimemkuta mtu ambaye moyo wake uko kulia. Dokta aliitazama karatasi kitambo, akanirudishia. "Nyaya za mikono," alisema. Nilikuwa nimebadilisha ya kulia na ya kushoto. Nilimwomba radhi mgonjwa, nikapima upya, na tangu siku hiyo huzisoma nyaya kwa sauti ninapozifunga.

Mashine ya zamani, nilisoma usiku kwa shangazi, haikuwa na vibandiko wala vishikizo. Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, aliwatia wagonjwa mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Nilimsomea shangazi. Akasema, "Basi sisi wa visiwani tungepimwa bila gharama."

Wiki ya tatu alilazwa binti wa miaka 17. Alikuwa akihema kwa kubeba ndoo moja ya maji, na usiku hakuweza kulala ila kwa mito mitatu. Mama yake alikaa pembeni akishika mguu wake, haongei. Dokta alinichagua mimi. "Mlaze ubavu wa kushoto. Tumia upande wa kengele wa stethoskopu, gusa tu, usikandamize. Na usiwe na haraka."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Mchi wa kwanza ulikuwa na kishindo kikubwa kuliko kawaida, kama mtu ametwanga kwa hasira. Wa pili ukafuata. Kisha, palipotakiwa kuwa na kimya, pakawa na mlio mdogo mkavu, na nyuma yake kitu ambacho mwanzo nilidhani ni gari nje. Nikabana pumzi. Si gari. Ulikuwa mngurumo wa chini mno, wa kuhisiwa zaidi kuliko kusikiwa, kama jiwe la kusagia linalozungushwa nyumba ya jirani usiku. Ukakatika, mchi ukashuka, ukarudi. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilipoinua kichwa binti alikuwa ananitazama.

"Unasikia nini, dada?"

Nilimjibu kwamba nasikia mlango ambao haufunguki vizuri, na kwamba Dokta atamweleza zaidi. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Kipimo cha eko kilitupa picha. Mashine hupeleka sauti ambayo masikio yetu hayaisikii na kuisoma inaporudi, kama tulivyokuwa tukipiga kelele kisimani utotoni kujua maji yako mbali kiasi gani. Kwenye kioo niliuona mlango ule ulio kati ya vyumba vya kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya uwazi wake hufika sentimita 4 hadi 6 za mraba. Wa binti haukufika moja. Kingo zake zilikuwa nene, pembe zimeshikana, mlango ukifunguka na kujifunga taratibu. "Madaktari duniani kote huuita mdomo wa samaki," Dokta alisema. Mimi ni mjukuu wa mvuvi. Nimewaona changu wengi sana wakifungua mdomo hivyohivyo ndani ya ngarawa, na sikuhitaji kuambiwa maana yake.

Dokta alimweleza mama mtu kwamba binti ataandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ambako mlango kama huo, ukifaa, hupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa nyonga bila kupasua kifua. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015. Zamani wagonjwa wengi wa namna hii walingoja zamu ya kupelekwa India. Kisha akamuuliza: utotoni, koo lilikuwa likimsumbua?

"Mafindofindo," mama alisema. "Kila mara. Tukimpa maji ya chumvi, yanapoa."

Nilihisi ubaridi tumboni. Yanapoa kweli, hilo ndilo baya lake. Vijidudu vya koo visipouliwa kwa penisilini, kwa baadhi ya watoto, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili huushambulia moyo wenyewe kwa kuufananisha navyo. Viungo huvimba, homa huja na kupita, watu husahau. Shambulio likirudi tena na tena, milango hukakamaa kidogo kidogo kwa miaka, bila mtu kujua. Binti atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili mashambulio yasirudi. Yote hayo niliyajua. Niliyajibu kwenye mtihani. Haikunipitikia hata siku moja kwamba maji ya chumvi ya kwenye swali ndiyo maji ya chumvi ya kwetu.

Jioni ile nilimpigia Mama simu, nikamwambia ampeleke mdogo wangu kituo cha afya kesho yake, asingoje. "Mbona keshapona?" aliuliza. Nikamsihi. Akaenda, wakampa dawa.

Wiki ya nne ilipita mbio. Nilimaliza, nikaagana na Dokta, nikapanda boti.

Mkoani mdogo wangu alinipokea gatini, akakichukua kikapu kitupu kikamfika magotini. Nyumbani hata buibui sijavua nilimwita ukumbini, nikamlaza kwenye mkeka, ubavu wa kushoto. Nikapasha moto kisahani cha stethoskopu kiganjani. Nikamwambia ninachotaka kufanya. Babu alisimama mlangoni, Mama akaja na mwiko mkononi, watu wakanyamaza.

Mchi wa kwanza. Wa pili. Nikageuza upande wa kengele, nikagusa tu. Nikasikiliza baina yake, pigo baada ya pigo, nikitafuta jiwe la kusagia, na kila mara nikakuta kimya kitupu, kisafi. Nikaendelea.

"Bado, dada?" aliuliza.

"Bado kidogo," nikamwambia, na sikuiondoa.