Seva ya Bati la Friji

Wenzangu wa chumbani wakinisikia nasema "seva", hudhani nazungumzia zile mashine za maabara ya kompyuta, zenye chumba chao na kiyoyozi chao. Yangu iko Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kwenye stoo ya nyumbani kwetu, jirani na magunia ya mbaazi, ndani ya sanduku la bati la friji bovu. Seva ni kompyuta tu inayokaa imewaka na kuwagawia wengine mafaili. Hakuna uchawi.

Sababu ya kuitengeneza ni bibi. Miaka yake ya mwisho mjomba alikuwa akimrekodi kwa simu akisimulia ngano na vitendawili kwa Kimwera. Rekodi 19, zote kwenye memori kadi moja. Siku moja kadi ikaanza kudai ifomatiwe, na fundi simu akaweza kuokoa 8 tu. Kumi na moja zimekwenda, na bibi hayupo wa kusimulia tena. Wadogo zangu Kimwera wanakisikia, kukizungumza hawawezi. Zile 8 zilikuwa zimebaki kwenye flashi ya bei rahisi, na mimi usingizi ukawa haunijii vizuri.

Najua utauliza kwa nini nisiziweke mtandaoni. Nakala ipo huko. Lakini nyumbani bando ni la mawazo, na nilitaka shangazi na watoto wazisikilize bila kununua kitu.

Kaka alikuta raki kwa wauza skrepa Lindi mjini, fremu ya chuma ya kufungia vifaa vya mtandao. Bumu lilipotoka nikanunua kompyuta ya mezani iliyotumika na hadi diski mbili za terabaiti moja moja. Lililobaki ni sanduku la kuingia kwenye hiyo raki, na la dukani lilikuwa na bei kuliko kompyuta yenyewe. Likizo ndefu nikaenda kwa fundi wetu wa milango na mageti.

"Mwalimu, hili kabati la nini?" akaniuliza. Kijijini ukishasoma ualimu, hata mwaka wa kwanza, jina ni hilo.

"La kompyuta, mzee. Lakini vipimo vyake havina huruma."

Nilijiandaa kumweleza mambo ya milimita. Kumbe hakukuwa na haja. Raki hizi zilianzia kwenye mitambo ya simu kabla ya kompyuta kuwepo, na vipimo vyake ni vya inchi: upana wa uso wa mbele 19, na kimo huhesabiwa kwa "yuniti", kila moja inchi moja na robo tatu. Mimi nilitaka yuniti nne, yaani inchi 7 kamili, ili feni ya milimita 120 isimame wima bila kubanwa. Fundi akavuta tepu yake, akacheka. Kazi yake yote ni inchi.

Ugumu ulikuwa kwingine. Hizo 19 zinahesabu pia masikio mawili ya kufungia skrubu. Tumbo la sanduku lazima lipite katikati ya nguzo, tukalifanya inchi 17 na robo. Halafu matundu ya kwenye nguzo hayalingani nafasi: mawili ya kwanza yameachana kwa thumni tano za inchi, la tatu vilevile, kisha linalofuata nusu inchi. Ukitoboa kwa kugawa sawasawa, skrubu hazitaingia. Tulibandika karatasi kwenye nguzo, tukapiga alama kwa penseli, tukaihamishia kwenye bati. Darasani tunaita hivi kufaragua zana, na tunapewa mfano wa vizibo vya soda kila mwaka.

Bati la friji ni jembamba, likibeba diski linalegea. Chini tukaweka engo mbili, tukaunganisha kwa riveti maana welding ingelitoboa. Diski nikazikalisha juu ya vipande vya tyubu ya pikipiki ili mtetemo wake usihamie kwenye bati. Rangi nikaikwangua sehemu moja nikafunga waya wa ethi: sanduku la chuma lisilo na ethi, waya ukichubuka ndani, linakugeuza wewe kuwa ethi. Hapo usilete ujanja.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni salfa. Waliokulia kusini wanajua: miezi hii mikorosho inapulizwa unga wa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, na kijiji kizima kinanuka. Salfa haipatani na shaba wala fedha, inavifanya vyeusi, na ndani ya kompyuta viungio vingi ni vya madini hayo. Wavu wa dirisha unazuia vumbi la kawaida, ule unga unapita. Nimeweka sponji mbele ya feni, inafuliwa kila Jumapili, na feni inasukuma hewa kuingia badala ya kuitoa, ili unga usinyonywe kupitia nyufa. Msimu wa kupuliza, seva inawashwa jioni tu.

Diski mbili zinaandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea. Ila hiyo si hifadhi kamili, kwa sababu ukifuta faili linafutika kote, na mwizi akibeba sanduku kabeba zote mbili. Nakala nyingine iko kwa mjomba, Ruangwa mjini, kwenye diski isiyochomekwa popote.

Mdogo wangu wa kidato cha nne ameigeuza seva kuwa yake. Nilimjazia mitihani ya nyuma ya NECTA na vitabu vya TET nilivyovipakua chuoni, na sasa wenzake wanakaa barazani na simu, wanavuta kwa Wi-Fi bila bando. Rekodi za bibi husikilizwa zaidi usiku. Shangazi ameanza kutusahihisha, anasema ile ngano ya sungura bibi aliikata katikati siku hiyo kwa kuwa alichoka, na mwisho wake yeye anaujua. Desemba nikirudi nitamrekodi.