Sisimizi Jikoni

Masika yanapoingia, sisimizi huvamia jiko letu hapa Kangemi, wakaunda msururu mmoja kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Jirani alinishauri ninyunyize dawa ya unga. Sikuiafiki kwa sababu mbili: mjukuu wangu anatambaa sakafuni, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuua sisimizi. Wanazuoni wameruhusu kuwaua wanaodhuru pale njia nyingine zinaposhindikana; basi nikaanza na njia hizo.

Sisimizi hawatangi ovyo. Kila mmoja hufuata harufu aliyoiacha mwenziwe. Nikaipangusa njia yao yote kwa siki na maji, nikaziba ufa wa dirisha, sukari nikaitia katika chupa yenye kifuniko. Kabati la chakula nikalisimamisha miguu yake ndani ya vikopo vya maji, kama walivyofanya mama zetu pwani. Siku ya tatu msururu ulikatika.

Katika sura ya 27, iliyopewa jina lao, sisimizi mmoja aliwahimiza wenziwe waingie makaoni mwao, wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Suleiman. Hawa wetu nao wamerejea kwao bustanini, na mtoto anatambaa kwa amani.