Chakula cha Upesi Nyumbani kwa Mwalimu

Mwaka wa 1960 mama mmoja wa Marekani, Peg Bracken, alitoa kitabu cha mapishi kwa wanawake wenye shughuli nyingi, wasiopenda kukawia jikoni. Msaada wake mkubwa ulikuwa makopo: supu ya kopo humiminwa juu ya nyama, na chakula ni tayari.

Sisi walimu wa Mpanda twarudi nyumbani tumechoka, na watoto wana njaa. Makopo ni ghali; lakini tunao dagaa wa Karema, waliokaushwa juani kando ya Ziwa Tanganyika. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto, wakaange kwa kitunguu na nyanya, kisha tia karanga zilizotwangwa. Kabla ugali haujasongwa, mboga imeiva. Maharage nayo yakilowekwa usiku, na maji yale yakimwagwa, huiva upesi na kuni husalia.

Lakini, wasomaji wapenzi, si kila chungu kikubalicho haraka. Kisamvu kina sumu. Hutwangwa sana, kisha huchemshwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ili sumu itoke. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Mwenye kupunguza kazi hiyo kwa ajili ya uchovu awahatarisha watoto wake.

Basi twaonelea kwamba upesi wa leo hutokana na maandalio ya jana. Tena mume aketiye barazani akingoja chakula, hali mkewe ametoka darasani sasa hivi, yampasa naye ashike ungo achambue dagaa.