Chungu cha Susu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji mpenzi, nami nilikuwa mtu wa kuona vyaelea tu. Kengele ya chakula ikilia shuleni na tukikuta ni githeri, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kununa. "Githeri tena, jamani!" Leo nataka niwaeleze kilichonifunga mdomo.

Sisi Wakamba githeri twaiita isyo. Kwetu Tseikuru, nyanya yangu, ambaye sote twamwita Susu, huipika katika chungu kimoja juu ya mafiga matatu. Akitaka iwe muthokoi, huyanyunyizia mahindi maji kidogo, huyatwanga kinuni mpaka maganda yatoke, kisha huyapeta kwa ungo. Makapi ni ya kuku. Mahindi huinjikwa pamoja na kunde au mbaazi, na kuni zinazoliwa hapo si haba. Mwishoni hutiwa kitunguu, na majani ya kunde kama shamba lina kijani. Siku ya Krismasi huongezwa nyama ya mbuzi, na hapo hata jirani anayepita njia tu hukaribishwa.

Sasa sikilizeni. Mvua ilitunyima misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Tseikuru ni kukavu hata miaka ya kawaida. Mahindi si ya kutegemea, afadhali mtama, mawele na ndengu. Shule zilipofungwa mwishoni mwa 2022, nikiwa kidato cha kwanza, nilifika nyumbani nikiota nyama. Krismasi ikafika, Susu akainjika chungu asubuhi na mapema. Nikafunua. Mahindi, kunde na maji. Hata jani moja la kunde halikuwamo.

"Susu, nyama iko wapi?" nikauliza.

Akacheka kidogo. "Nyama si umeivaa, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nimevaa sweta ya shule. Kumbe mbuzi wawili waliobaki waliuzwa ili nipate karo na sare. Mwaka mwingine mmoja angetosha. Lakini wakati wa ukame mbuzi hukonda na kila mtu anauza, basi bei yao huanguka wakati ule ule bei ya mahindi inapopanda.

Susu akanieleza kuhusu njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980, ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: pesa ziko mkononi, chakula cha kununua hakuna. "Sisi leo tuna cha kutia chunguni," akasema. "Kula."

Nikala. Sitawadanganya eti ilikuwa tamu kuliko nyama. Ilikuwa isyo ya chumvi, basi. Lakini nilimaliza sahani, na tangu siku hiyo sijanuna tena.

Kwa hivyo wenzangu, kengele ikilia na mkute ni ile ile, kabla hujasema "githeri tena", jiulize ni mbuzi wa nani aliyeuzwa ndipo wewe ukapata kuketi hapo. Na kama bado huitaki, mwenzako niko meza ya pili. Niletee.